Ulivyobebwa Mabegani Hadi Vugiri

Baba, shikamoo.

Najua hakuna wa kuitikia, lakini sikuwahi kukusemesha bila kukuamkia kwanza, na sitaanza leo. Mimi ni Athumani, mkweo, mume wa Mwanaidi. Nimekaa na kalamu hii tangu tulipotoka kuswali nikitafuta pa kuanzia, na kila ninapopaona uso unanichoma.

Wewe hukuyaona yaliyotokea siku ya maziko yako. Wengine wote waliyaona. Basi bora uyasikie kwangu.

Unakumbuka siku zako za mwisho kitandani, pale nyumbani kwako Handeni, nilipokuja kukwambia kwamba lori la kijiji linavuja oili. Hukuwa tena na nguvu ya kuongea sana. Ukaniuliza, "Umeanzia juu au chini?" Nikakujibu kwa kujiamini kabisa: "Chini, Baba. Si ndiko inakodondokea?" Ukafumba macho. Mimi nikadhani umeridhika. Nikaenda zangu kulala chini ya lori, nikafungua sampu, lile karai la oili chini ya injini, na kwa kuwa gasketi ya dukani siku hizi huipati hata ukilia, nikakata nyingine kwenye boksi gumu, nikaipaka sabuni, nikakaza bolti mpaka spana ikanikwaruza viganja. Nikafuta, nikaondoka. Kesho yake ardhi ilikuwa nyeusi pale pale. Nikakaza zaidi.

Halafu ukafariki alfajiri, na Mama, mkeo, akasema umeacha neno moja tu: ulazwe Vugiri, kwenu mlimani, kando ya mama yako. Mwenyekiti wa kijiji hakubishana. Alisema, "Lori hili lisingekuwepo bila mzee huyu. Leo halina kazi nyingine." Watu wakapanda nyuma na jeneza lako, Mama na Mwanaidi wakakaa karibu na kichwa chako, mimi nikashika usukani. Niliongeza oili mpaka kijiti cha kupimia kikaonyesha imejaa, nikabeba na kopo la akiba. Nilikuwa na huzuni, Baba, lakini nisikufiche, nilikuwa na fahari pia. Nilitaka watu wa kwenu wakuone unafika kwa lori ulilolihudumia mwenyewe, likiendeshwa na mtu uliyemfundisha.

Mpaka tunaingia Korogwe kopo la akiba lilikuwa limeisha. Pale Masuguru nilipita mbele ya gereji ya rafiki yako, yule mliyefanya naye kazi kwenye shamba la mkonge mkiwa vijana. Alikuwa amesimama mlangoni. Ningesimama, angechungulia tu, angejua. Lakini nilifikiria vile atakavyoinama chini ya lori lako, na wewe umelala juu yake, aone oili inatiririka kama maji ya bomba bovu, aniulize mimi nilikuwa nafanya nini. Nikatazama mbele. Nikapiga honi, nikapita.

Mlima ukatumaliza. Tulikuwa tumeacha tambarare na kuanza kona zile za kwenda juu, geji ya oili ikaanza kucheza, ikashuka, ikalala. Injini ikaanza kugonga. Hilo ulinifundisha sawasawa: ikigonga, zima, usibembeleze. Nikazima. Nikashuka, nikachungulia. Oili ilikuwa kila mahali, mpaka kwenye chasisi, mpaka kwenye tairi la nyuma.

Mama aliniuliza kutoka juu, kwa sauti ndogo, "Tutafika, mwanangu?" Nikaanza kufungua ubao wa nyuma. Unajua mimi na yeye tunavyoheshimiana, hatuongei mengi. Siku ile ningependa anitukane.

Wakakushusha. Wanaume tuliokuja nao walikuwa wachache na wengine ni wazee. Tukaanza kupanda tukikubeba mabegani, wanawake wakifuata nyuma kwa miguu, na jua lilikuwa limeshapinda. Nilikuwa nimefuta mikono kwenye majani tu. Nilipoinua upande wangu, vidole vyangu vikabaki kwenye lile shuka jeupe lililofunika jeneza, vyote vitano, vyeusi. Mwanaidi aliviona. Akatoa upande wa khanga yake akajaribu kufuta, vikazidi kutapakaa. Akaacha. Hakunitazama, nami sikumtazama, tukaendelea kupanda.

Sasa nikwambie ambalo hukulitegemea. Kuna mtu alitangulia mbio kwenda kutoa habari kwamba marehemu amekwama njiani. Tulipofika kwenye kona yenye kijito, tukaona watu wanashuka. Mbele yao alikuwa mdogo wako, Bakari. Ndiyo, Bakari huyo huyo aliyekwambia siku unahamia Handeni kwenye kijiji cha ujamaa kwamba ukishuka mlima usirudi. Tuliambiwa baadaye kwamba asubuhi ile, habari za msiba zilipofika, alikataa hata kwenda kuchimba kaburi. Hakusalimia mtu. Alikuja moja kwa moja upande wangu, akasema, "Nipishe, mgoshi," yaani mwanamume kwa Kisambaa chenu, akaweka bega lake pale lilipokuwa langu. Hakuliachia mpaka nyumbani. Wengine walipokezana, yeye hapana. Alikuwa analia na kamasi zinamtoka, na mikono yote miwili ameshika jeneza, hana wa kumfuta.

Tulikuzika kabla jua halijazama. Kaburi lako liko zuri, Baba, udongo wa kule si kama huu wetu.

Watu walikula, wakasoma, wakalala. Hakuna aliyenilaumu. Hilo ndilo lilinimaliza. Kila aliyepita aliniambia, "Pole, fundi." Fundi! Nilitamani kuingia chini ya mkeka.

Asubuhi nikashuka kwenye lori peke yangu, nikidhani ni peke yangu. Bakari akanifuata na debe la maji, chupa ya mafuta ya taa na oili aliyoiomba kwa watu wa shamba la chai. Akakaa juu ya jiwe. Hajui lori, na hakujifanya anajua. Nikaanza, safari hii, juu. Nikaiosha injini yote kwa mafuta ya taa, nikaisuuza, nikaikausha kwa matambara mpaka ikawa kama sufuria ya bibi harusi. Kisha nikachekecha jivu nililolibeba kutoka jikoni kwa Bakari, nikalipuliza juu ya injini mpaka ikawa ya kijivu kotekote, nikatia oili, nikawasha. Nilikuona ukifanya hivyo mara moja tu, na siku ile nilicheka nikakuuliza kama unaitengeneza au unaizika.

Nilitegemea kuona mahali pamoja panalowa. Pakalowa juu kwenye mfuniko wa valvu. Pakalowa mbele. Pakalowa kwenye sampu. Mpaka kijiti cha kupimia oili kilikuwa kinasukumwa kutoka kwenye tundu lake. Nikachanganyikiwa. Haiwezekani gasketi zote zikafa siku moja. Nikafungua kifuniko cha kujazia oili, moshi ukanipumulia usoni, puh, puh, kama chungu cha ugali. Na kilipokuwa wazi, jivu likaacha kulowa.

Hapo ndipo nikakusikia, Baba. Sisemi ndoto. Nilisikia sauti yako jinsi ulivyozoea kusema huku unakunywa chai umeegemea boneti, "Na injini nayo inapumua, Athumani." Nilikuwa nadhani unatania.

Nikalifuata bomba la kupumulia, lile linaloshuka ubavuni. Lilikuwa limeziba kabisa. Vumbi jekundu la barabara zetu limechanganyika na oili, likawa tope gumu jeusi. Injini ilikuwa haina pa kutolea pumzi, basi ikawa inasukuma oili itoke popote panapowezekana, na mimi kila nilipokaza huku inatokea kule. Wewe ulikuwa unalisafisha. Nakumbuka sasa, ule wakati wa chai, waya mkononi. Nilidhani mzee anachezea waya.

Nikalizibua kwa waya. Nikalisuuza kwa mafuta ya taa. Nikafungua na ile gasketi yangu ya boksi, ilikuwa imepondeka kwa kukazwa kupita kiasi, nikakata nyingine na kuikaza kwa kupishanisha bolti, taratibu. Nikarudisha oili, nikapuliza jivu jipya, nikawasha tena. Jivu likabaki kavu.

Bakari akainuka kwenye jiwe lake, akachungulia, akaniuliza, "Ni hilo tu?"

Hakuniuliza kwa ubaya. Alitaka kujua. Nikamjibu, "Ni hilo tu." Kisha nikakaa chini barabarani nikalia mbele yake kama mtoto, jambo ambalo sikulifanya hata kaburini. Kwa kukosa waya na chupa ya mafuta ya taa, wewe ulifika kwenu kwa miguu ya watu.

Juzi tulikuja kwenye arobaini yako. Lori lilipanda kona zile zote. Nilisimama Masuguru nikamwomba rafiki yako achungulie, akachungulia kwa muda mrefu, akasema gia ya tatu ndiyo itakayonisumbua safari nyingine, akanionyesha na namna ya kuisikiliza. Hakuniuliza chochote kuhusu siku ile, ingawa najua alisikia.

Mama bado yuko kwenye eda, nyumbani kwa Bakari. Nilikaa nje ya mlango, yeye ndani, tukaongea hivyo. Nilimwomba radhi. Akasema, "Lingepanda lori lile, Bakari asingeshuka." Nimeyabeba maneno hayo, lakini nashindwa kuyafanya ya kwangu. Bakari alishuka kwa sababu ni ndugu yako. Mimi nilikwama kwa sababu sikujua, na nilipoweza kuuliza nikaona haya. Sitaki mambo haya mawili yachanganywe.

Nilipoaga, akaniita tena. Akasema, "Eda ikiisha nitarudi kwangu Handeni. Bakari anataka anitafutie basi. Nimemkatalia. Uje unichukue wewe, kwa lori hilo hilo."

Basi nitakwenda, Baba. Nitasimama njiani kila pale nitakapokuwa na shaka, na atakayetaka kunitazama nikilala chini ya lori, anitazame. Mkeo nitamshusha mlima polepole, nimfikishe mlangoni kwake. Lala salama.

Mkweo,
Athumani