Kila Kitu Juu ya Pua

Alhamisi. Baridi ya Julai, jua halijachomoza kutwa nzima, nami nina hasira tangu asubuhi.

Nimebanwa, na kamba niliisuka mwenyewe.

Kazi yangu ni kubuni majalada ya jarida la wanawake, katika ofisi moja katikati ya jiji. Nilipoanza, nilizunguka nikiwatazama wachuuzi wa magazeti. Hupanga majarida yakilaliana, kila moja likifunika jingine, hivi kwamba mpita njia huona sehemu ya juu tu: jina la jarida, paji la uso, macho. Nikamwambia mhariri kila cha kuuza kikae juu ya pua. Mauzo yakapanda, nami nikavimba kichwa.

Toleo lijalo ni la Akinyi, msusi wangu wa Kenyatta Market. Mumewe alimwacha na watoto wawili, na leo ana saluni yake. Mimi ndiye niliyembembeleza asimulie. Alikubali kwa sharti moja, vidole vyake vikiwa kichwani mwangu:

“Utanitoa nikicheka, na mwanya yangu ionekane. Kulia nimelia ya kutosha.”

Nikaahidi.

Leo mhariri amechagua picha ambamo Akinyi anajifuta machozi. “Mwende, machozi ndiyo inauza. Si ni wewe ulitufundisha hii mambo ya macho?”

Ni mimi kweli.

Mkataba wangu unakaribia kuisha. Nikikataa, kazi atapewa mwingine na machozi yatatoka vilevile. Nikikubali, Akinyi nitamwambia nini? Ameshatangazia kanisa zima. Jioni ameniandikia, na mama yake pia anasubiri: “Mrembo, natoka lini? Mathe anataka kuniweka kwa ukuta.”

Naichukia kazi hii. Kinachoniuma zaidi ni kwamba naijua vizuri.

Nimefika nyumbani Woodley, nikaitoa picha ya kicheko na kuifunika kwa karatasi kuanzia puani kwenda chini, kama wachuuzi wanavyofanya. Akinyi akicheka sana, machozi humtoka, macho yakafumba, paji likakunjamana. Nimemwita mama kutoka jikoni.

“Ngai! Huyu amefiwa na nani?”

Nikaondoa karatasi. Mama ameuona ule mwanya, akaanza kucheka yeye mwenyewe.

Nimemtumia mhariri jalada la kicheko, nikamwomba alifunike kwa mkono kuanzia puani kabla ya kulikataa. Atakayenunua kilio atakuta mwanya. Akinyi nitamtazama usoni. Lakini mwanamke atakayesimama njiani kwa huruma, akatoa pesa zake, yeye nimemfanyia nini?

Nilikuwa nikiwaza hayo jibu lilipoingia:

“Kali sana! Sasa kila toleo tufanye hivi.”

Simu nimeilaza kifudifudi. Akinyi atakaa ukutani kwa mama yake akicheka, na hilo linanifurahisha kwelikweli. Mimi nimejiongezea fundo kwenye kamba ile. Sijui la mwezi ujao nitalifunguaje.