Mapipa ya Bwana Godsall

Aylbrook, Herefordshire
Oktoba 1965

Baba mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima. Je, kifua kimepona, na kiwanda cha magari hapo Coventry umekizoea? Sisi hatujambo. Mama anachuma tufaha shambani kwa Bi Powles mpaka vidole vinaganda. Basi la abiria sasa linapita Jumatano na Jumamosi tu, kwa hiyo naenda shule kwa baiskeli.

Habari kubwa ni ya Bwana Godsall mwenye malori. Ndiye aliyesimama ukumbini akasema treni yetu ya Worcester inabeba kuku na vikongwe tu, ifungwe. Ikafungwa, wewe msimamizi wa stesheni ukakosa kazi, na mizigo yote ya kiwanda cha pombe ya tufaha ikawa yake. Siku unaondoka na sanduku lako, alikupita akipiga honi kama filimbi ya treni. Sijasahau.

Jumanne alikuwa akipakia mapipa matupu mbele ya duka, akaongeza safu moja juu ili asirudi mara ya pili. Dereva wake akamwambia, tajiri, hapo umezidisha, daraja la reli halitakubali. Godsall akaniona nimesimama na vitabu vyangu, akaniita: haya profesa, mtoto wa stesheni, hebu tuambie, lori litapita chini ya daraja la babako au halipiti? Watu wakaangua kicheko. Nikajibu kwa sauti ndogo kwamba kwa urefu ulioandikwa kwenye kibao cha daraja, litapita. Akamwambia dereva hata katoto haka kanakushinda akili, akampokonya ufunguo, akaendesha mwenyewe.

Likanasa katikati. Kamba zikakatika, mapipa yakabingirika mteremko mzima hadi mtoni, na bata wa kasisi wakakimbilia kanisani. Hakuumia, ila ilibidi atambae kutoka dirishani, na Bi Powles akamuuliza kama anasubiri treni. Kiwanda cha pombe kimempa kazi ya mizigo mtu wa Leominster.

Sasa, Baba, jambo ambalo Mama halijui. Kiangazi mwalimu wa jiografia alitutuma tupime madaraja ya kaunti yetu. Lile nililipima mimi, kwa ufito mrefu wa shambani. Tangu kibao kiwekwe, barabara imetiwa lami juu ya lami, na nafasi chini ya daraja si ile iliyoandikwa tena. Nilijua lori halipiti. Nilimsomea kibao, nikanyamaza. Nimejaribu kuona haya, nimeshindwa.

Jana alinisimamisha njiani akaniuliza kama nilijua. Unanifahamu, mtu akinisemesha huwa natazama viatu vyangu. Safari hii nilimtazama usoni nikasema ndiyo. Akageuka, akaenda zake.

Ukinikasirikia, niandikie. Ila usinitume nikamwombe radhi, maana hilo ndilo agizo lako la kwanza ambalo sitalitii.

Mama anakusalimu sana, na anasema uvae fulana ya sufu.

Binti yako akupendaye,
Hester Gwilliam