Kete Niliyoipuliza Chilinde

Chilinde, Lilongwe,
Jumatano, 16 Mei 2012

Mpendwa Mjomba Ambroise,

Nakusalimu kwa heshima katika jina la Bwana. Goti lako linaendeleaje? Na mkeo, Tantine Béatrice, presha yake imeshuka? Mama na mume wangu Jérôme wako salama kambini Dzaleka, kwa wakimbizi wenzetu. Watoto ninao hapa mjini, wanasoma. Mwili wangu ni mzima, ila moyo haujatulia, na naandika haraka kwa sababu Madeleine, atakayekuletea barua hii, anaanza safari ya Bukavu kesho.

Mjomba, ule mchezo wa dama ulionifundisha ndio umeniponza.

Chumba ninachoshonea nguo ni cha Bambo Mbewe, kama wanavyomwita bwana huku, mtu wa mizaha sana. Kila Jumamosi tunacheza barazani kwake kwa vizibo vya soda. Jumamosi iliyopita alipaswa kula kete yangu, akasahau, akasogeza nyingine. Nikafanya ulivyonizoeza: nikainama, nikaipuliza kete yake iliyosahau kula, puu, nikaitia mfukoni. Watu wote wakapinga. Kumbe hapa mtu akisahau kula anakumbushwa tu, anarudi anakula. Miezi minane tumecheza na hakuna aliyewahi kusahau, basi kila mmoja alidhani sheria ni moja.

Tulibishana kidogo, nikaapa kwamba ni sheria, akacheka, tukaagana. Jumapili akaamka hana sauti. Hadi leo hatamki hata neno. Mimi naona ni mafua ya baridi hii, lakini majirani wanasema nilimpuliza sauti ikamtoka, eti ni uchawi. Wateja wawili wamekuja kuchukua vitambaa vyao kabla sijavikata. Hata pasi ya makaa siipulizi tena, naipepea kwa kipande cha katoni. Naogopa, Mjomba, sikufichi.

Jérôme alinipigia simu: "We Fortunée, acha byote, rudia huku na batoto. Bantu bakishasema ile neno, habatasikia tena mambo ya dama." Lakini nikikimbia, si nimekiri? Na huko kambini nitamshonea nani, wakati kila mlango una cherehani?

Asubuhi hii mke wa Bambo Mbewe alikuja. Hakuvuka kizingiti. Alisema mumewe ameonyesha kwa ishara kwamba anataka niende leo saa kumi nikiwa na ubao, nipulize tena, nirudishe nilichochukua. Nimekaa nawaza. Nikikataa, mimi ni mchawi. Nikipuliza akapona, ni mchawi zaidi, na kila atakayekohoa Chilinde nitatafutwa mimi.

Nimeamua hivi. Nitapanga vizibo kama vilivyokuwa, nirudishe kete yake kwa mkono, mdomo nimeufunga kwa kitenge, niseme barazani kwao sheria ni ya kwao. Ale, anishinde. Akidai na pumzi yangu juu ya hapo, sijui nitafanya nini.

Najua jibu lako litachelewa. Hata hivyo niandikie ukweli. Ulipokuwa unapuliza kete zangu pale nyumbani, nami nacheka mpaka naanguka, ile ilikuwa sheria, au ulikuwa unamchekesha mtoto tu? Mbele ya watu wote nimeapa kwamba ni sheria.

Nisalimie Tantine, na Noël na mkewe Darlène. Mungu awafunike wote, nami anifunike leo saa kumi.

Mtoto wa dada yako, akupendaye siku zote,
Fortunée