Fahali Aliyetobolewa na Ndovu

Kwako dada Wendy,

Wazima huko Taveta? Shangazi je, mgongo umemwachilia? Mimi mzima, meno yote yako kinywani, na hapa Voi wiki hii hilo ni la kujivunia. Simu yangu ilikanyagwa, ndiyo maana nampa Ndeti muuza ndizi barua hii akuletee.

Najua umesikia vita vya watu wa boda. Afadhali nikusimulie mimi, wengine hata kudanganya hawajui. Steji ya Voi na steji ya Marungu zilikuwa zimepatana, baada ya miezi ya kupigania abiria. Wakataka rifleta, zile fulana za kung'aa, za nembo moja: ndovu wa Voi, fahali wa Marungu. Festus, mwenye duka letu la kuchapa, akaniambia niwaunganishe kwenye kompyuta.

Hapo ndipo kwangu, dada. Picha mbili zikilaliana, kompyuta inazipigia hesabu. Ukiiambia iunganishe, mistari ya katikati inayeyuka, linabaki umbo moja. Ukiiambia itoe, ya juu inaila ya chini, inaacha shimo la umbo lake. Yule mwalimu aliyeniita gogo kidato cha pili angekuja kwangu kusoma.

Siku ya amani rifleta arobaini zikagawanywa, zikavaliwa. Mmoja wa Marungu akauliza mbona fahali wao ana tundu la ndovu tumboni. Weee! Mawe yakanyesha, minyororo ya pikipiki ikapasua vichwa, mtu akaachwa na sikio moja, pikipiki tatu zikachomwa. Mchumba wako Kimanzi, si ndiye mwenyekiti wa Marungu, akaangusha mlango wetu kwa teke, akauliza ni nani aliyewatoboa. Festus alinitazama nilivyojikunja nyuma ya mashine, akasema ni yeye mwenyewe. Kimanzi akamvunja taya kwa spana. Na bado Kimanzi anaapa kwamba Festus akitoka hospitali atammaliza.

Dada, Festus hakugusa kitu. Siku ya kuchora nembo alikuwa Mwatate. Mimi niliwaunganisha kama alivyosema, wakatoka kama kiazi. Nikakumbuka Kimanzi alivyonicheka mbele ya mama, eti hata hesabu ya kutoa inanishinda. Nikatoa.

Festus anaruhusiwa Ijumaa. Mwambie Kimanzi ukweli kabla ya hapo, na umshike mikono ukimwambia. Akinitaka, niko dukani. Asihangaike kupiga hodi, mlango alishaumaliza.

Msalimie shangazi, na usimsomee hii.

Mdogo wako, mwenye meno yote mpaka Ijumaa,
Titus