Gari Lako Liliwaka Mara Moja

Mpendwa bwana yangu,

Nimekaa na kalamu muda mrefu nikitafuta jina jingine la kukuita, nimelikosa. Nimekuita hivyo tangu siku ulipoleta mahari kwa baba kule Uvira, umevaa koti la kuazima lililokubana mabegani, wajomba zangu wakakucheka mpaka na wewe ukacheka nao. Nakuandikia kwa sababu simu zangu huzipokei tena, na kwa sababu kuna jambo ambalo kila nikilikumbuka uso unanichoma.

Unakumbuka asubuhi uliyoondoka kwenda Liège? Kazi ya bohari imepatikana, ulisema, lakini chumba utakachopanga hakina mahali pa kuegesha, kwa hiyo gari libaki hapa Berchem, Brussels, uani nyuma ya jengo letu, mpaka baridi ipite. Upepo ulikuwa mkali. Ulifungua boneti, ukanishika vidole ukaviweka juu ya betri kama mwalimu anayemfundisha mtoto kuandika.

"Ukitoa, waya mweusi kwanza. Ukirudisha, mwekundu kwanza. Usisahau, chérie. Betri ikilala inje itakufa."

Ukaniambia nisivute breki ya mkono, itaganda. Nisilifunike kwa plastiki, inashika maji na kuharibu rangi. Nitafute kitambaa kinachopumua. Wipa nizisimamishe zisigandane na kioo. Theluji niifagie kwa ufagio laini, nisithubutu kutumia koleo. Mwisho ukalipigapiga gari paani ukasema, "Bon, sasa hii ndiyo mutoto wako." Nilicheka, ingawa unajua neno hilo lilinigusa wapi, mimi nisiyejaliwa mtoto.

Nilifanya yote. Betri niliipandisha jikoni, nikaiweka juu ya ubao karibu na gunia la mchele. Mipira ya milango niliipaka mafuta yangu ya mgando, yale ninayojipaka miguuni, ili milango isishikwe na barafu. Kifuniko cha kitambaa nilichoagiza kilipokuja nilikifunga kwa vipande vya kitenge, kwa sababu kamba zake zilikuwa nyembamba na upepo wa pale uani haukuwa na huruma. Nikitoka kazini Etterbeek, kwa yule bibi ninayemhudumia, nilishuka kwenye tramu nikapitia kwanza kwa gari lako, halafu ndipo nikapanda nyumbani.

Mwanzoni ulikuja kila mwisho wa wiki. Halafu ukaja mara moja moja. Halafu ukawa sauti tu kwenye simu, na swali lako la kwanza lilikuwa, "Gari inaendelea aje?" Nilikujibu kwa kirefu, nikakueleza theluji ilivyoanguka na nilivyoifagia, ili tu usikate simu. Siku niliyokuwa na homa na kifua kimebana sikukuambia. Nilikuambia gari liko salama.

Mdogo wangu Furaha alikuja kutoka Ixelles, kule anakosukia watu nywele, akanikuta nimepiga magoti kwenye theluji nafunga vile vipande vya kitenge.

"Dada," akasema, "bwana amekukimbia, na wewe unavalisha gari yake pagne?"

"Hajanikimbia. Iko kazini."

"Alors, mbona week-end haji?"

Nikakaza fundo la kitenge. Ukweli ni kwamba nilikuwa najua. Mwanamke anajua. Ila gari lilikuwa pale chini, na mamaa wa kanisani waliponiuliza, "Papa iko wapi, hatumuoni tena?" niliwajibu bila kupepesa macho, "Iko. Si munaona gari yake kwenye parking?" Wakaridhika. Mradi gari lilikuwa pale, mimi nilikuwa mke wa mtu. Sasa unaelewa kwa nini nililifunika vizuri kuliko nilivyojifunika mwenyewe.

Halafu ikaja Jumamosi ile, baridi inaelekea kuisha, theluji imebaki vichuguu vyeusi kando ya njia. Kengele ililia nikafungua mlango. Msichana mzuri, mikono haina glavu, tumbo liko mbele.

"Bonjour, maman," akasema. "Mimi ni Nadine. Papa Justin amenituma nichukue betri ya gari. Ni wewe dada yake mukubwa, si ndiyo? Ananielezaka kila siku vile unamusaidia."

Nilishika mlango. Kutoka pale niliweza kuona dirisha la jikoni, na kupitia kioo chake, huko chini, nikakuona wewe, umesimama uani, mgongo umeugeuzia nyumba yako, mikono mifukoni. Kifuniko ulishakitupa chini, kwenye maji machafu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema palepale. Nilikuwa na maneno. Kwa siku hiyo nilikuwa nimeyatayarisha majira yote ya baridi. Lakini yule mtoto alikuwa anatetemeka, midomo yake imekuwa ya kijivu, na aliniangalia kwa heshima kweli, jinsi anavyoangaliwa mkubwa wa familia. Nikasema, "Ingia, ukae kwanza. Nitakupa chai."

Akaingia. Ndipo nikakumbuka picha yetu ya siku ya mahari, ile iliyo juu ya kabati, wewe na lile koti la kuazima. Na hapa ndipo penye aibu yangu, bwana yangu. Nilikwenda nikasimama mbele ya picha. Niliificha kwa mgongo wangu mwenyewe. Katika nyumba ninayoilipia kodi, nilijisogeza kushoto na kulia kila alipogeuza kichwa, ili mpenzi wako asinione nimevaa nguo zangu za mahari.

Alikunywa chai yote. Akasema tangawizi yangu ni kama ya mama yake. Aliponyanyuka kuishika betri nilimkataza. "Na tumbo hilo? Haiwezekani." Nikaibeba mimi, ngazi zote, yeye akinifuata nyuma akisema, "Pole, maman, pole sana."

Uliponiona ulishtuka, nilikuona. Kisha ukatabasamu.

"Ah, dada! Ungemuachia tu alete."

Dada. Ulilitamka bila ulimi kuteleza. Sikukutazama. Niliinama chini ya boneti nikaifunga betri, mwekundu kwanza, mweusi baadaye, nikakaza kwa spana mpaka vidole vikaniuma. Mlango ulifunguka bila kukwama. Ukakaa, ukageuza ufunguo, na gari lililolala uani majira mazima liliwaka mara moja, kama vile uliliacha jana.

Ukamgeukia Nadine, umejaa fahari. "Unaona? Gari yangu ni ya nguvu. Ata baridi ya hapa haiiwezi."

Ndivyo ulivyosema, na mimi nimesimama pale, spana mkononi, mafuta meusi kwenye kucha. Nadine ndiye aliyenishukuru. Alishusha kioo akasema, "Aksanti sana, belle-sœur," na mimi nikaitikia jina hilo la wifi. Niliitikia, Justin! Nikawapungia mkono mpaka mkakata kona.

Yule mama mzungu wa ghorofa ya chini, mwenye mbwa, alikuwa ameona kila kitu. Alitoka akaokota kifuniko, akashika pembe mbili, nami nikashika mbili, tukakikunja pamoja. Sijawahi kuona haya kama siku ile, na yeye hakuniuliza neno.

Jumapili iliyofuata mamaa wa kanisani waliuliza gari limekwenda wapi. Nikawaambia umelichukua, wewe na mwenzako, na hamtarudi. Mmoja alinishika mkono tukakaa hivyo mpaka ibada ikaisha. Nilidhani nitakufa kwa aibu. Nikatoka, nikapanda tramu, nikafika nyumbani.

Lakini Nadine bado hajui. Kila nikifikiri atajifungua mtoto na kumfundisha kuniita shangazi, silali. Barua hii nimeiacha wazi, Furaha ataituma kwenye kundi la wanawake wetu wa hapa Brussels, na najua kutoka simu hadi simu itamfikia. Sitaki kumwumiza. Akitaka, aje tena, chai ipo. Ila nataka asikie kutoka kwangu kile nilichokificha kwa mgongo.

Wewe nenda salama. Barabara ya Liège ina utelezi asubuhi.

Ni mimi,
mke wako. Sikuwahi kuwa dada yako.