Njia ya kisima niliitoa mimi

Muheto, Alhamisi, Agosti 1954

Eti ninunue njia ambayo nilitoa mimi mwenyewe.

Tangu asubuhi hasira haijashuka. Karani wa baraza la sheferi, utawala wa mwami wetu, alikuja na wapimaji wawili, wakanyoosha kamba kufuata ugo wangu wa miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe kama maziwa, akasema mupaka njo ule. Kipande chote kati ya ugo na kisima iko ya baraza. Kama ninakitaka, niandike maombi ya kununua, na niharakishe, kwani mufanyabiashara mumoja wa Sake naye anakitaka.

Nikamwambia, "Papa Karani, ule ugo niliupanda ndani ya shamba langu. Niliacha njia kusudi wamama wapite na mitungi bila kukanyaga maharagi."

"Mama, kwetu ugo njo mupaka. Ungeupanda kule nje."

Hapo ndipo roho inaniuma. Marehemu bwana yangu alisema vilevile, mimi nikamubishia. Niliona haya kuwafungia majirani maji.

Ninaogopa. Yule wa Sake akijenga pale, mulango wangu utatazama ukuta wake. Lakini maombi sitaandika. Siwezi kuomba kitu changu.

Jioni nimekata vijiti vya miyenzi, mafungu matatu. Viko hapa mulangoni, bado vinatoa maziwa. Kesho kabla ya jua nitavipanda kule nje, kwenye mupaka wa kweli, na njia ya kisima nitaifunga.

Bibi ya karani njo hufika wa kwanza kisimani. Arudi na mutungi mutupu, amuulize bwana yake njia ilikuwa ya nani.