Mguu Ukiwa Hewani

Kolozsvár, 9 Novemba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje na baridi hii iliyowahi kuingia? Na Mama je, bado anagombana na bata bukini wa jirani? Mimi ni mzima, nakula vizuri, na kabla hujauliza: ndiyo, glavu za sufu ninavaa. Ulinifundisha mwenyewe kwamba vidole vya mwanamuziki havichezewi.

Baada ya salamu, nina habari, na sitaficha kwamba kichwa kimenivimba kidogo. Mzee Lóránt, mkuu wetu wa viola, amestaafu. Tulifanyiwa mtihani nyuma ya pazia, kila mtu na viola yake, hii fidla kubwa ya sauti nzito, ili wasikilizaji wasijue nani ni nani. Pazia lilipofunguliwa, aliyechaguliwa nikawa mimi. Sasa mimi ndiye mkuu wa viola katika okestra, naketi kiti cha mbele.

Najua utasema kiti cha mbele cha watu wa nyuma ni nyuma vilevile. Baba mdogo Dénes naye alinipigia simu kunipongeza, akashindwa kujizuia: "Hongera, mwanangu, umekuwa malkia wa jikoni!" Nikamjibu kwamba bila jikoni hakuna karamu, na fidla yake ingelala njaa. Alicheka mpaka akakohoa. Haya, kwenye harusi zote mlizopiga pamoja, mabibi harusi walimbusu yeye, wewe na kontra yako, viola ya kijijini ya kutia mdundo, mkabaki nyuma yake, supu ya kabichi ikikupoea.

Sasa sikia kazi yangu ya kwanza ya ukuu. Tunafanya mazoezi ya muziki mpya, na ndani yake imo ile ngoma yetu ya polepole, ya wawili wawili. Fidla zinaimba, viola tunatia mdundo chini yake. Wenzangu wakaupiga sawasawa kama gwaride. Bwana Tihamér, mwongoza okestra wetu, akasema kama viola hawaiwezi ngoma hiyo ataikata, tuendelee na mengine. Baba, damu ilinichemka. Wakati wa mapumziko nikawatoa wote ukumbini nikawaambia waweke viola chini, wacheze. Zsolt, ambaye tumbo lake humtangulia mlangoni, akalalamika, "Dada, mimi nimeajiriwa kukaa!" Nikamshika mkono nikamzungusha palepale. Nikawaeleza kwamba mchezaji ana mguu hewani, na sisi ndio tunaoushikilia mpaka autue. Tukiwahi tunamwangusha, tukichelewa anachoka. Walipouliza nani kanifundisha, nikasema nilifundishwa na mgongo wa baba yangu, niliokuwa nikiutazama harusini utotoni, nikiwa nimelala juu ya makoti ya wageni.

Tuliporudi tukaipiga. Bwana Tihamér hakutusimamisha. Ngoma ilipokwisha akasema, "Haikatwi." Zsolt akanibana ubavuni. Nilijisikia fahari, Baba, fahari ambayo haina aibu hata chembe.

Lakini sherehe hii ina kiti kitupu, nacho ni chako. Miaka yote hii hujaja kunisikiliza. Umeapa hutakanyaga jumba hili la muziki, ambamo mwalimu wangu Profesa Incze alimnyang'anya binti yako fidla akampa viola kwa kuwa sisi ni Waroma, hao wanaoitwa Wajipsi na kudharauliwa. Umemlaani mzee yule hadi kwenye harusi za watu. Basi leo nikwambie, maana hata yeye anastahili kupumzishwa kwenye ulimi wako: hakuninyang'anya. Alikuwa anataka kunipeleka mashindanoni na fidla ile. Mimi ndiye niliyekwenda kumwomba viola. Akaniuliza kama nimerukwa na akili. Nikamwambia kwamba utotoni fidla ya Baba mdogo iliniamsha, na kontra yako ndiyo iliyonilaza. Nilitaka sauti ile.

Sikukwambia kwa sababu nilikuonea huruma. Ningesemaje kwamba nataka kuwa kama wewe, wakati wewe mwenyewe ulikuwa hutaki kuwa wewe? Ulinipa fidla ili nisiketi nyuma ya mtu. Nami kwa hiari yangu nikachagua pale ulipoketi, kwa kuwa palikuwa pazuri kuliko ulivyojua.

Tutaipiga ngoma hiyo Jumamosi ijayo. Kiti chako kiko mstari wa kwanza, upande wa viola. Usihangaike na tai, vaa kofia yako ya harusini. Na kontra iondoe kwenye msumari uje nayo: Zsolt haamini kwamba ina nyuzi tatu tu na kwamba zote hulia kwa pamoja.

Nisalimie Mama, umwambie naye kiti chake kipo, bata bukini watalindwa na jirani. Msalimie Baba mdogo Dénes. Mwambie aje pia, ila safari hii atakaa nyuma yako.

Nakungoja, Baba. Mguu wangu uko hewani.

Binti yako,
Aranka, mpiga kontra